Siri ya mtungi: tunachojifunza katika ndoa ya Mary Eleanor Bowes

Somo la mwezi huu ni zito. Linamhusu mwanamke aliyepigwa na kutawaliwa na mumewe kwa miaka minane. Kama umepitia hayo, au unayapitia sasa, unaweza kuliacha na kulirudia siku nyingine, au kulisoma pamoja na mtu unayemwamini. Tuliposoma kisa hiki kwenye kikundi chetu, mama mmoja alisimama katikati ya ukurasa akatoka nje. Alirudi baada ya muda, akakaa, akauliza: "Kumbe na wao?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike. Ninapotembelea familia, akina baba huniambia, "Nchi hii inavunja ndoa zetu." Akina mama huniambia kwa sauti ya chini, "Sheria hizo ni za wazungu, si zetu." Pande zote mbili zinaamini kwamba Waingereza wamekuwa na sheria hizi tangu zamani. Sivyo. Tazameni wenyewe.

Mary Eleanor alikuwa nani

Alizaliwa mwaka 1749, katika zama ambazo Waingereza huziita za Georgia. Si nchi ile ya Georgia; ni kwa sababu wafalme wanne waliofuatana, kuanzia 1714 hadi 1830, wote waliitwa George. Baba yake, George Bowes, alikuwa tajiri wa makaa ya mawe huku kaskazini mashariki. Alipofariki mwaka 1760, binti huyo, mtoto wake wa pekee, alirithi mali nyingi kupita kiasi. Alikuwa na miaka 11 tu. Alisomeshwa vizuri, aliandika, na alipenda sana elimu ya mimea, hata akagharimia safari ya mtu kwenda Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kukusanya mimea.

Mwaka 1767 aliolewa na Earl wa Strathmore, akazaa naye watoto watano. Mume huyo alifariki 1776. Mjane wa miaka 27, tajiri: wanaume wakaanza kupiga hodi.

Ndoa ya hila

Mmoja wao alikuwa askari kutoka Ireland, Andrew Robinson Stoney. Wakati huo gazeti moja la London lilikuwa likimchafua Mary Eleanor. Stoney akajifanya anatetea heshima yake: akapigana kwa silaha na mhariri wa gazeti hilo, kisha ikatangazwa kwamba ameumia na atakufa. Alimwomba Mary Eleanor amwoe kabla hajakata roho. Januari 1777 alibebwa hadi kanisani juu ya machela, wakafunga ndoa. Muda si mrefu "mgonjwa wa kufa" akapona kabisa. Pambano lilikuwa mchezo wa kuigiza.

Siku chache kabla ya ndoa, Mary Eleanor alikuwa ametia saini hati ya siri ya kulinda mali yake. Stoney alipoigundua alikasirika sana, na kufikia Mei mwaka huo alikuwa amemlazimisha kutia saini hati nyingine ya kuifuta ile ya kwanza.

Yaliyofuata wengi wetu tunayajua bila kuyasoma kitabuni. Alimpiga. Lakini hakuanza wala kuishia kwenye kipigo. Alisoma barua zake. Aliamua nani amtembelee na nani asimtembelee. Gari la farasi hakuweza kulitumia bila ruhusa yake. Fedha zote zilipita mikononi mwa mume. Alimlazimisha pia kuandika makosa yake yote ya zamani, kisha akayatumia kumwaibisha mbele ya watu.

Hapa kikundi chetu kilibishana sana. Ni kweli Mary Eleanor alikuwa na makosa. Alikuwa na mpenzi mwingine kabla ya ndoa hii, na watu walimsema. Mama mmoja akasema, "Basi alijitakia." Mwingine akamjibu, "Dada, makosa yangu si fimbo ya mtu kunipigia." Sina la kuongeza juu ya hilo.

Sheria ilimwona vipi

Mwanasheria mashuhuri wa wakati huo, William Blackstone, alieleza kwamba mume na mke ni mtu mmoja kisheria. Na huyo mmoja alikuwa mume. Mke akishaolewa hakumiliki fedha zake, hata mshahara wake. Watoto walikuwa wa baba. Talaka ilisikilizwa na mahakama za Kanisa, na hata aliyeshinda hakuruhusiwa kuoa au kuolewa tena mwenzake akiwa hai.

Huyu alikuwa miongoni mwa wanawake matajiri wa Uingereza, na utajiri wake haukumfungulia mlango. Nani aliufungua?

Kata ikasema

Wazee wetu husema: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika nyumba ile, kata ilikuwa ni wajakazi. Waliona alama mwilini, walisikia kilio, walifua nguo. Mmoja wao, Mary Morgan, hakuwa na muda mrefu katika kazi hiyo, lakini hakukubali kunyamaza. Usiku mmoja wa Februari 1785, Stoney alipokwenda kula chakula nje, Morgan na wenzake walimtoa Mary Eleanor nyumbani. Aliondoka karibu mikono mitupu.

Kisha akafungua kesi ya talaka. Novemba 1786, mchana kweupe, Stoney na watu wake wenye silaha walimteka katika mtaa wa Oxford Street, London, wakamkimbiza hadi kaskazini. Kwa zaidi ya wiki moja walimzungusha juu ya farasi katika baridi kali, wakimtishia kwa bastola ili aifute kesi. Alikataa. Mwishowe aliokolewa na watu wa kijijini, si mbali na Darlington.

Mahakamani, watumishi walisimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza walichokiona. Fikirini maana yake: mtumishi aliyemsema bwana wake angeweza kukosa kazi popote. Hata hivyo walisema. Stoney alifungwa miaka mitatu kwa utekaji ule, na kwa sababu ya madeni hakuwa huru tena mpaka kufa kwake mwaka 1810. Kufikia 1789 Mary Eleanor alikuwa ameshinda talaka na kurudishiwa mali yake, kwa kuwa mahakama iliona ile hati ya pili aliitia saini kwa kulazimishwa. Alifariki mwaka 1800.

Kutoka siku zile hadi leo

Ushindi wake ulikuwa wake peke yake, haukuibadilisha sheria. Mwanamke mwingine aliyepigwa hakupata kitu. Angalieni safari ilivyokuwa ndefu:

1839: mama anaruhusiwa kuomba mahakamani akae na watoto wake walio chini ya miaka 7.
1857: talaka inaondolewa mikononi mwa Kanisa na kupelekwa mahakama ya kawaida.
1878: mke aliyepigwa anaweza kuomba kutengana na mumewe kwa hakimu wa karibu.
1882: mke anamiliki mali yake mwenyewe.
1991: majaji wakuu wanathibitisha kwamba mume anayemlazimisha mkewe kimwili anabaka.
2015: kumtawala mwenzako kwa vitisho, kumnyima fedha, kumtenga na ndugu na kumchunguza simu kunakuwa kosa la jinai, hata kama hakuna kipigo.

Soma tena huo mwaka wa mwisho. Sheria hii ni changa kuliko watoto wengi waliokuja nasi kutoka kambini. Kwa hiyo si kweli kwamba ni desturi ya kizungu dhidi ya desturi yetu. Wazungu nao walisema "mambo ya ndoa ni siri," mpaka watu walipochoka kuzika dada zao.

Kwetu sisi

Nilikulia kambini Kigoma. Kuta za matope hazizuii sauti. Jirani yetu alikuwa akipigwa, na sisi sote tulisikia. Asubuhi tulikutana naye bombani, tukamsalimia, tukaongelea maji. Mama yangu alimpa mafuta ya kupaka. Hakuna aliyesema neno, nami pia, ingawa nilikuwa nimekua vya kutosha. Ninaposoma habari za Mary Morgan, namkumbuka mama yule wa bombani.

Basi yashikeni haya:

Hatari ikiwa karibu, piga 999. Kama huwezi kuongea na unatumia simu ya mkononi, sikiliza, kisha bonyeza 55.

Kwa ushauri, namba ya taifa ya England ni 0808 2000 247. Ni bure, usiku na mchana.

Omba mkalimani wa Kiswahili polisi, hospitali au mahakamani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo haya.

Ukiambiwa "nitakurudisha ulikotoka," usiamini kabla hujauliza. Ruhusa ya kukaa hutolewa na serikali, si na mume wala mke. Njoo ofisini tukupeleke kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Akina baba, nanyi pia. Mwanamume naye anaweza kuteswa nyumbani, na milango hii iko wazi kwake.

Maswali ya kujadili

1. Ni mambo gani Stoney aliyafanya kabla ya kipigo kuonekana? Je, tungeyatambua leo?
2. Kwa nini watumishi walikubali kusema?
3. Ukisikia sauti ukutani usiku, kesho yake utamwambia nini jirani yako?

Swali la tatu lijibuni kwa maneno mtakayoweza kuyasema kweli. Kwenye kikundi chetu, mama yule aliyetoka nje ndiye aliyejibu: "Nitamwambia, dada, nimesikia. Mlango wangu haufungwi."