Mashimo ya nguzo: rekebisha zana kabla hujaita vibarua



Msimu uliopita nilipigiwa simu saa moja asubuhi na kijana mmoja anayelima pesheni huku kwetu nyanda za juu. "Bwana shamba, njoo uone. Mstari mzima umelala." Nilipofika nikakuta kweli. Usiku kulikuwa na mvua na upepo, matunda yamebakiza wiki chache kuvunwa, na nguzo kumi na moja ziko chini. Moja ilianza kuinama, waya ukavuta ya pili, ya pili ikavuta ya tatu, hadi mwisho wa mstari. Nikang'oa moja nikapima ile sehemu iliyokuwa ndani ya udongo: sentimita 34. Mimi nilimwandikia 60.

Nikaanza kumlaumu, si unajua sisi maofisa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniletea zana alizotumia: jembe la mkono, sururu na chepe la mpini mfupi. Akaniambia, "Chimba wewe moja, nikuone."

Nikachimba. Sentimita 30 za kwanza zilikwenda vizuri. Kuanzia hapo jembe halina nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo unapanua shimo ili jembe liingie. Ukishapanua, chepe linaingia ila udongo unamwagika ukiuinua, kwa hiyo unalala kifudifudi unachota kwa mkono. Nilipofika 40 jasho linanitoka, shimo lina upana wa karai, na nguzo ndani yake inacheza kama mchi kwenye kinu. Miaka yote hiyo nimewaambia watu "sentimita 60" na sikuwahi kuchimba hata shimo moja mwenyewe. Kwa hiyo somo la leo nimelilipia.

Hesabu ya ndoo

Nguzo ya pesheni ya kawaida ina urefu wa mita 2.4. Sentimita 60 zinakaa chini, mita 1.8 zinabaki juu, na waya unapita kileleni. Mzigo wote wa majani na matunda uko juu kabisa, na upepo ukija unausukuma kama pazia. Ukitoa sentimita 25 za kina, umetoa karibu nusu ya kile kinachoishikilia nguzo. Tena umetoa nusu iliyo bora, maana udongo wa juu ndio unaolainika kwanza mvua ikinyesha.

Sasa angalia upana. Shimo la sentimita 60 kwenda chini lenye upana wa sentimita 20 lina udongo wa lita 19 hivi. Hiyo ni ndoo moja. Shimo la kina hichohicho lenye upana wa sentimita 45, yaani lile la jembe, lina lita 95. Ndoo tano! Eka moja yenye mistari ya mita 3 na nguzo kila mita 6 inataka mashimo kama 225. Kwa shimo jembamba unatoa mita za ujazo 4 na ushei. Kwa shimo pana unatoa zaidi ya 21, halafu unazirudisha tena ndani na kuzishindilia. Na udongo uliorudishwa haushiki kama ule ambao haujaguswa, hata ushindilie vipi.

Kwa maneno mengine, unamlipa kibarua mara tano ili akupe nguzo iliyolegea. Akiona kazi ni ngumu na malipo ni kwa shimo, anaishia 35, anasimamisha nguzo, anafukia. Ukipita asubuhi zote zimesimama vizuri. Usimwite mwizi kwanza. Mpe zana inayofika 60 bila kumvunja mgongo, halafu ndiyo umdai 60.

Kazi mbili, zana mbili

Kosa la jembe ni kwamba linataka kuvunja udongo na kuutoa kwa wakati mmoja. Kwenye shimo jembamba kazi hizo zinatenganishwa: kimoja kinavunja kikiwa kimesimama wima, kingine kinachota kikiwa kimesimama wima. Mafundi wa nguzo za simu na umeme kule Marekani walichimba kwa jozi ya namna hiyo kabla ya mashine kuja: mtaimbo mrefu na upawa wa chuma wenye mpini mrefu. Vyote viwili fundi wa kuchomelea wa senta yoyote anaweza kukutengenezea.

Tuanze na mtaimbo. Wengi mnachonga wa nondo ya milimita 16 kwa sababu ni rahisi kupata. Nondo hiyo ina kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo ya mita 1.5 ina kilo 2.4 tu. Ni nyepesi mno. Inaruka, inatetemesha mikono, na mwishowe inapinda. Kwenye shimo kinachofanya kazi ni uzito unaoanguka. Unainua, unaachia, mkono unaongoza tu. Tafuta chuma cha duara cha milimita 28. Urefu uleule wa mita 1.5 unakupa kilo 7 na kidogo, na hapo utaona tofauti kwenye pigo la kwanza.

Ncha nayo. Ncha ya mkuki ni ya mawe. Kwenye mfinyanzi mwekundu inatoboa tundu na kunasa, basi. Unataka ncha bapa kama patasi, yenye upana wa sentimita 5 au 6, inayokata pande la udongo na mizizi. Mitaimbo ya dukani mingi inauzwa ikiwa butu na watu wanaitumia butu hadi inazeeka. Inoe. Usiifanye nyembamba kama kisu, itajikunja kwenye jiwe la kwanza. Ukitumia grenda, gusa kidogo, chovya kwenye maji, gusa tena. Chuma kikigeuka bluu ujue ugumu wake umeondoka, na makali hayatakaa. Ukiwa na tupa na uvumilivu, tupa ni salama zaidi.

Kuna wanaopenda kuweka kipande cha springi ya gari kwenye ncha. Wazo ni zuri, chuma kile ni kigumu. Ila ukikichomelea kikiwa baridi na kukiacha kipoe hewani, kinakatika pembeni mwa weldi, tena ghafla. Mwambie fundi akipashe moto kwanza, achomelee, halafu akizike kwenye jivu kavu kipoe polepole mpaka kesho. Wa kwetu alinicheka. Cha kwanza kilikatika siku ya pili, cha pili akakizika kwenye jivu bila kuambiwa.

Sasa upawa. Watu wanatumia kopo la rangi lililopigiliwa kwenye mti, na kwenye mchanga linafaa. Kwenye mfinyanzi linajikunja. Chukua bomba la chuma la inchi 4, kata kipande cha sentimita 15, kipasue katikati kwa urefu upate mifereji miwili. Mmoja unatosha, wa pili mpe jirani. Ziba upande mmoja kwa kipande cha bati nene, upande mwingine unoe. Kisha uunganishe na mpini wa mita 1.5, lakini usiunyooshe kama chepe. Upinde kama upawa wa kuchotea mchuzi, karibu pembe mraba. Ukinyooka, kila ukiinua udongo unarudi shimoni. Ukipinda sana, hauingii kwenye udongo. Wetu tuliupinda mara tatu hadi ukakubali, kwa hiyo usichomelee moja kwa moja siku ya kwanza. Funga kwa nati na bolti, jaribu shambani, ndipo uchomelee.

Keekee ya udongo

Udongo wako ukiwa hauna mawe, kuna zana inayofanya kazi zote mbili: keekee ya mkono, ile yenye mpini wa herufi T, unazungusha, inajaa, unainua. Hapa ndipo tulipoharibu chuma kingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ya kwanza ilikuwa silinda nzima ya bomba la inchi 6 yenye visu viwili chini. Pale kwa fundi, kwenye rundo la mchanga, ilikuwa raha tupu. Tukaipeleka shambani. Mizunguko minne, ikakwama. Watu wawili kuivuta, ikatoka imejaa mfinyanzi uliogandamana kama ugali ulioungulia sufuriani, na tukatumia muda mwingi kuutoa kwa mtaimbo kuliko kuchimba.

Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, visu vilikuwa na upana sawa na silinda, kwa hiyo mwili wa keekee ulikuwa unasuguana na ukuta wa shimo pande zote. Visu lazima vitokeze nje kidogo, sentimita 1 kila upande, ili mwili upite kwenye nafasi iliyokwisha kukatwa. Pili, silinda iliyofungwa ni ya mchanga, kwa sababu mchanga bila ukuta unamwagika. Mfinyanzi unajishika wenyewe, hauhitaji ukuta. Tukakata silinda, tukabakiza mbavu mbili tu zinazotazamana, kila moja upana wa vidole vinne, zimekutana juu kwenye mhimili na chini zimeishia kwenye visu. Udongo unakaa katikati. Ukitoa nje, unaupiga teke dogo kwa pembeni na unadondoka kama tofali. Shimo linatoka na upana wa karibu sentimita 19.

Mhimili wa keekee uwe bomba zito la inchi 1, sio lile jepesi la madirisha, maana litasokoteka. Mpini wa T uwe na urefu wa sentimita 60 hadi 70 kwa jumla. Mpini wa 30 unakutaka nguvu mara mbili kwa mzunguko uleule. Ukizidisha mita, itabidi utembee kuzunguka shimo kama punda wa kinu cha kukamulia mafuta.

Na tafadhali weka alama. Paka rangi au funga mpira wa tairi kwenye mhimili sentimita 60 kutoka kwenye kisu. Fanya hivyo kwenye mtaimbo pia. Kibarua anajua amefika, na wewe ukipita huna haja ya kubishana na mtu.

Unyevu na kushindilia

Hata zana nzuri haiwezi kitu kwenye udongo uliokauka kama tofali. Chimba mwisho wa mvua, udongo ukiwa unafinyangika bila kuganda mkononi. Kama umechelewa, fungua shimo kina cha kiganja jioni, mwagia lita 5 za maji, urudi asubuhi. Ukimwaga na kuchimba papo hapo unapata tope juu na jiwe chini.

Shimo jembamba lina sharti lake kwenye kushindilia. Nguzo yenye unene wa sentimita 11 ndani ya shimo la 19 inaacha nafasi ya sentimita 4 kila upande. Fundi wetu, kwa nia njema, alituchomelea kisahani kipana juu ya mtaimbo eti cha kushindilia. Hakikuingia. Kumbe ule upande wa juu wa mtaimbo wenyewe, milimita 28, ukiuacha bapa bila ncha, ndio kipimo chake. Rudisha udongo sentimita 15, zunguka nguzo ukishindilia mpaka sauti ibadilike kutoka "puh" kuwa "tii", kisha ongeza tena. Ukijaza wote na kukanyaga juu kwa buti, umeshindilia sentimita 10 za juu tu.

Yule kijana tulianza naye upya kwenye mstari ulioanguka. Matunda ya mstari ule mengi yalipotea, hilo hatukuliokoa. Mipesheni iliyokuwa mizima tuliifungua kwenye waya kwa uangalifu, tukailaza pembeni, tukachimba na kuisimamisha tena. Wawili wanakwenda vizuri kuliko mmoja mwenye zana zote: mmoja na mtaimbo, mwingine na upawa, wakibadilishana kila shimo. Vaa buti ngumu, mtaimbo wa kilo 7 haubagui udongo na kidole. Na mashimo yasiyo na nguzo yafunikwe kabla ya giza. Shimo jembamba ni la mguu wa ndama kabisa, na mguu wa mtoto pia.

Ukikutana na jiwe kwenye kina cha 40, usiendelee kulipiga nusu saa. Toboa na mtaimbo pembeni uone linaishia wapi. Kama ni dogo, lilegeze kwa ncha ya mkuki (ndiyo maana usitupe ule mtaimbo wa zamani) na ulitoe kwa upawa. Kama ni mwamba, sogeza shimo sentimita 30 au 40 kwenye mstari huohuo. Waya haujali nguzo ikiwa mita 5.6 badala ya 6. Ila nguzo za mwisho wa mstari, zile zinazovutwa na waya wote, hizo usizipunguzie kina hata kidogo. Mimi siku hizi nazichimbia 75.