Kuutambua Uchungu wa Uzazi Kabla ya Kuanza Safari

Kiswahili hutumia neno moja, uchungu, kwa ladha ya shubiri, kwa simanzi ya msiba na kwa maumivu ya mama anayejifungua. Pengine ndiyo sababu mwanamke mwenye mimba ya kwanza akiuliza uchungu wa uzazi ukoje, huambiwa tu, "Utaujua ukifika," kana kwamba jina limekwisha kueleza kila kitu. Jibu hilo halimtoshi mama anayeishi Masumbwe, na halimfai hata kidogo yule anayeishi kwenye vijiji na machimbo yanayouzunguka mji huo. Kwake, kuamua kwamba uchungu umeanza ni kuamua kuondoka nyumbani usiku, kutafuta pikipiki na kutumia fedha ambayo huenda bado haijapatikana. Akiwahi mno aweza kurudishwa. Akichelewa aweza kujifungulia njiani.

Masumbwe ni mji mdogo wa wilaya ya Mbogwe, kwenye barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Ushirombo. Hadi mwaka 2012, mkoa wa Geita ulipoanzishwa, eneo hili lilihesabiwa kuwa la Shinyanga. Lami inapita mjini, lakini mashamba na maduara ya dhahabu yako mbali nayo, na masika yanapokolea njia za huko hugeuka tope. Kwa hiyo tunapoeleza hapa dalili za uchungu, tunaomba msomaji azisome akiwa na umbali wake mwenyewe akilini.

Mwili unafanya nini

Mfuko wa uzazi ni msuli. Uchungu ni msuli huo unapojikaza, kuanzia juu ukishuka chini, ili kuuvuta mlango wa kizazi ufunguke na kumsogeza mtoto kwenye njia. Mlango huo hufunguka hatua kwa hatua hadi kufikia upana wa sentimita 10. Kazi hiyo haifanyiki kwa mkupuo mmoja. Msuli hujikaza, hulegea, hupumzika, kisha hujikaza tena, na katika mapumziko hayo ndipo mtoto anapopata damu na hewa ya kutosha kupitia kondo. Mapumziko ni sehemu ya uchungu kama yalivyo maumivu yenyewe. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu maumivu yasiyo na pumziko, tumbo likibaki gumu kama ubao bila kulegea, si uchungu wa kawaida. Hiyo ni dalili ya hatari, na mama apelekwe hospitali mara moja.

Mama anahisi nini

Wanawake walio wengi husema uchungu huanza mgongoni, chini ya kiuno, kisha huzunguka kama mkanda hadi mbele chini ya kitovu. Hauji kwa ghafla kama kuchomwa. Hupanda polepole, hufika kileleni, hukaa hapo kidogo, kisha hushuka na kwisha. Mwanzoni hufanana na maumivu ya hedhi, ila yenye nguvu zaidi. Wengine huona kama tumbo la kuhara, na wengine huhisi uzito unaokandamiza nyonga na mapaja. Wapo wanaousikia mgongoni peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, hasa mtoto anapokuwa amelala uso wake ukielekea mbele ya mama. Hakuna namna moja iliyo sahihi, na jirani aliyejifungua mara tano hawezi kuutolea hukumu uchungu wa mwenzake.

Ipo njia nyepesi ya kujipima. Weka vidole juu ya tumbo maumivu yanapofika kileleni. Tumbo likiwa gumu kama paji la uso, mfuko wa uzazi unajikaza. Likiwa laini kama shavu ilhali maumivu yapo, huenda chanzo ni kingine: mkojo mchafu, malaria, au tumbo lenyewe. Hata hivyo maumivu ya namna hiyo hayapaswi kupuuzwa, kwa kuwa malaria na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Mimba ambayo haijatimiza wiki 37 haina uchungu wa kusubiriwa nyumbani.

Uchungu unavyoendelea, maneno hupungua. Mama aliyekuwa akizungumza na kucheka kati ya maumivu huanza kunyamaza, kushika ukuta, kutokwa jasho, pengine kutapika au kutetemeka miguu. Karibu na mwisho huhisi msukumo chini kama wa kwenda haja kubwa, msukumo asioweza kuuzuia. Hapo mtoto yu karibu. Asipelekwe chooni, na asipakiwe kwenye pikipiki bila kufikiri.

Uchungu wa uongo, na namna ya kuusoma kwa saa

Mwaka 1872 daktari Mwingereza John Braxton Hicks alieleza kwa maandishi jambo ambalo wakunga walikuwa wakilijua tangu zamani: mfuko wa uzazi hujikaza mara kwa mara wakati wote wa mimba bila kukusudia kumtoa mtoto. Mikazo hiyo huitwa uchungu wa uongo. Jina hilo hatulipendi sana, maana humfanya mama aonekane mwongo, ilhali anachohisi ni cha kweli kabisa. Mikazo hiyo huzidi mama anapokuwa amechoka au ana kiu. Mwanamke aliyeshinda juani akiponda mawe, akibeba maji au akipika chakula cha wachimbaji ataiona zaidi jioni. Anywe maji, akojoe, alale ubavu. Ikipungua au ikipotea, haikuwa uchungu wa kujifungua.

Tofauti ya kweli huonekana kwenye saa, na simu ya kawaida yatosha. Andika muda kila mkazo unapoanza, na uhesabu sekunde hadi uishe. Tuchukue mifano miwili. Mama wa kwanza ameandika saa 3:10 usiku, 3:31, 3:39, kisha 4:15. Nafasi zake ni dakika 21, 8 na 36, na kila mkazo ulidumu kwa muda tofauti. Hapa hakuna mpangilio. Apumzike na aendelee kuangalia. Mama wa pili ameandika saa 9:00 usiku, 9:12, 9:23, 9:33, 9:42. Nafasi zimetoka dakika 12 hadi 9, na mikazo yake imerefuka kutoka sekunde 30 hadi 45. Amekunywa maji, ametembea uani, na haikupungua. Huyu uchungu wake umeanza.

Uchungu uliokolea huja mara tatu au nne katika kila dakika 10, na kila mkazo hudumu kama sekunde 40 hadi 60. Mama anayeishi hatua chache kutoka kituoni aweza kusubiri mikazo ikaribiane. Anayetoka mbali asisubiri kiwango hicho. Mikazo ikiwa na mpangilio, ikiongezeka nguvu na isipopungua kwa kupumzika, aondoke, hata kama nafasi bado ni dakika 10. Aliyewahi kuzaa aondoke mapema zaidi, maana uchungu wa mimba za baadaye huenda kasi.

Kabla ya hapo anaweza kuona ute mzito uliochanganyika na damu kidogo. Ni dalili kwamba mlango wa kizazi unaanza kulegea, lakini uchungu waweza kuchelewa hata siku kadhaa. Chupa ikipasuka ni jambo jingine: aende kituoni hata kama hasikii maumivu yoyote, na aangalie rangi ya maji. Maji ya kijani au ya kahawia, au yenye harufu mbaya, yasemwe mara tu anapofika.

Safari yenyewe

Nafuu ya kweli hupatikana kwa kupanga mapema, tangu miezi ya kliniki: nani atampeleka, nani atabaki na watoto, fedha ipo wapi, na kituo gani kitampokea. Mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kufanyiwa upasuaji, aliyezaa mara nyingi au mwenye mapacha amuulize mhudumu wa kliniki iwapo inampasa kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji. Akiwa anaishi machimboni au ng'ambo ya mto unaojaa, ni busara kuhamia kwa ndugu karibu na kituo wiki mbili au tatu kabla ya tarehe aliyopewa. Tunajua si kila ukoo una ndugu mjini. Basi jambo hili lisemwe kliniki mapema, huenda ipo nyumba ya kusubiria kujifungua.

Hatari ikitokea, namba ya kupiga ni 115, bila malipo, kwa mtandao wowote. Ni namba ya mfumo wa M-Mama, unaomtafutia mama au mtoto mchanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mfumo huo ulianza Sengerema, ng'ambo tu ya Geita, ukafika Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa. Piga mama anapotokwa damu nyingi, anapopata degedege, kichwa kikali au macho kuona ukungu, anapokuwa na homa kali, mtoto anapoacha kucheza, au kitovu kinapotangulia kutoka. Katika hali hizo usihesabu dakika za mikazo.

Dawa za kuharakisha, na maneno ya watu

Kanda hii ina mitishamba inayoaminiwa kuongeza uchungu, na baadhi ya mitishamba ya namna hiyo kweli huukaza mfuko wa uzazi. Hapo ndipo hatari ilipo. Hakuna ajuaye kipimo kilichomo kikombeni. Msuli unaolazimishwa hukosa yale mapumziko tuliyoyataja. Mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe waweza kuchanika. Vivyo hivyo sindano au vidonge vya uchungu vinavyonunuliwa kwa siri. Dawa ileile ambayo kituoni huchomwa mtoto akishazaliwa, ili kuzuia damu, yaweza kuua ikitolewa mapema na mtu asiyepima mapigo ya moyo wa mtoto. Mama aliyekwisha kunywa chochote amwambie mkunga bila kuficha. Na mkunga amsikilize bila kumkaripia, vinginevyo wa pili ataficha.

Zaidi ya dawa, ipo dhana inayosikika mahali pengi kwamba uchungu ukichelewa, mama ana jambo la kukiri katika ndoa yake. Dhana hiyo imewapotezea wanawake saa walizokuwa wakizihitaji. Uchungu huchelewa kwa sababu mtoto amekaa vibaya, nyonga ni finyu, au mikazo ni dhaifu. Hakuna ungamo linalobadilisha mlalo wa mtoto. Kinachochelewa kutibiwa chaweza kuacha jeraha la fistula, ambalo mkojo hutoka bila kuzuilika. Aliye nalo tayari ajue kwamba linatibika, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni miongoni mwa zinazolitibu.

Ukifika kituoni

Sema mambo manne bila kuulizwa: uchungu ulianza saa ngapi, unakuja kila baada ya dakika ngapi, chupa imepasuka au bado, na mtoto anacheza au hachezi. Karatasi uliyoandika muda itasema kuliko maelezo marefu. Wanawake wanaosifiwa kwa kunyamaza tunawaheshimu, lakini kunyamaza hakumsaidii mkunga kujua hali. Kulia si aibu wala si sababu ya mtu kutukanwa.

Ukiambiwa "bado", uliza njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo ya mtoto yakoje, na urudi kwa dalili gani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linahesabu kwamba uchungu uliokolea huanza mlango ukifika sentimita 5, na kwamba kuanzia hapo kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa mimba ya kwanza na saa 10 kwa zinazofuata. Kabla ya sentimita 5 muda hauna kipimo maalumu, waweza kupita usiku mzima na zaidi. Mama aliyetoka mbali ana haki ya kueleza umbali wake na kuomba kusubiri karibu. Mwongozo huohuo unapendekeza mama awe na mtu wa karibu anayemtaka wakati wa kujifungua. Ulizia utaratibu wa kituo chako wakati wa kliniki, si usiku wa uchungu.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wajawazito malipo ya huduma katika vituo vya umma. Ukitakiwa kulipa, uliza ni ya nini na udai stakabadhi. Lalamiko lipelekwe kwa mganga mfawidhi, kisha kamati ya kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya.

Mtoto akishazaliwa, mikazo haikomi. Mfuko wa uzazi huendelea kujikaza kwa siku chache, zaidi wakati wa kunyonyesha, na waliozaa mara nyingi huusikia mkazo huo kwa nguvu kuliko mwenye mtoto wa kwanza. Maumivu hayo yana kazi yake: yanafunga mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Gusa chini ya kitovu. Panapaswa kuwa pagumu kama mpira. Pakiwa laini na damu ikawa inalowesha khanga moja baada ya nyingine, muite mkunga wakati huohuo, na kama umekwisha kurudi nyumbani, piga 115.