Kashata za Idi: usifunge zikiwa na joto

Wadau, Idi iliyopita nilipata oda ya pakiti 40 za kashata za nazi. Wadogo zangu wawili wakanisaidia kufunga usiku uleule, kashata bado za moto. Asubuhi mvuke umegeuka maji ndani ya mifuko, zote zinanata. Nikarudisha hela za watu.

Siku hizi namimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, nakata zikiwa vuguvugu, naziacha zipoe kabisa ndio tunafunga. Sukari ikichemka watoto hawasogei jikoni, maana ikimrukia mtu inagandia kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Kazi yao ni kuhesabu, kufunga na kubandika lebo. Na kuonja wataonja tu, kwa hiyo kila sinia natoa vipande vitano vyao kabla sijapiga bei.