Robo yako idai, hata ya miaka ya nyuma

*Nahudumia wazee hapa Leicester, Uingereza. Nilikuwa nimepanga nyumba na rafiki yangu, akaolewa Septemba 2021 na kuhamia kwa mumewe. Tangu hapo naishi peke yangu na kodi ya halmashauri nalipa yote. Kazini wananiambia anayeishi peke yake hupunguziwa robo. Naogopa, kwa sababu viza yangu inasema sistahili fedha za umma. Je, naweza kudai, pamoja na ya nyuma? Mdogo wangu alikaa kwangu Februari hadi Juni 2023 akitafuta kazi. Nimtaje au ninyamaze?*
*Mlipa Yote*

Mwanangu,

Dai, na udai tangu siku rafiki yako alipohama. Punguzo hili si msaada. Limo ndani ya sheria ya kodi yenyewe ya mwaka 1992: nyumba ikiwa na mtu mzima mmoja tu anayehesabiwa, kodi inapungua asilimia 25, awe tajiri au maskini. Kwa hiyo halihesabiwi kuwa fedha za umma. Kinachohesabiwa ni ule unafuu mwingine wa kodi wanaopewa wenye kipato kidogo. Ukijaza fomu ukaona unaulizwa mshahara na akiba, toka, umeingia mlango usio wako.

Na miaka ya nyuma? Sheria haikuweka tarehe ya mwisho ya kudai. Kinachotakiwa ni ushahidi. Bili ikiwa pauni 1,600 kwa mwaka, robo ni pauni 400, kwa hiyo kazi ya kusaka karatasi inalipa.

Karatasi nzito kuliko zote anayo rafiki yako: bili yake ya kodi ya halmashauri kwa nyumba anayoishi sasa, inayoonyesha alianza lini kulipa huko. Mwombe nakala. Ongeza mkataba wako wa pango na barua ya mwenye nyumba. Kisha angalia daftari la wapiga kura. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola huandikishwa humo, na halmashauri hulipekua. Kama jina la rafiki yako bado linasoma kwako, wao watasema mpo wawili. Eleza hilo kabla hawajakuuliza.

Mdogo wako mtaje. Mgeni mwenye makazi yake kwingine hahesabiwi, hata akilala kwako wiki kadhaa. Lakini kama kwako ndiko kulikuwa makazi yake miezi ile, punguzo halikuhusu kwa kipindi hicho. Angekuwa mwanafunzi wa chuo wa muda wote, ingekuwa habari nyingine, maana hao hawahesabiwi. Kama makazi yake yalikuwa kwako, andika vipindi viwili: Septemba 2021 hadi mdogo wako alipofika, na tangu alipoondoka hadi leo. Utapoteza robo ya miezi mitano, ila hakuna atakayekuita mwongo kwa miaka mingine yote.

Peleka dai kwa maandishi, utaje tarehe, na ubaki na nakala. Sema kama unataka fedha zirudi benki, la sivyo huenda wakazikata kwenye bili zijazo. Wakati unasubiri, endelea kulipa kama kawaida. Ukiacha, utaanza kutumiwa barua za deni.

Wakikujibu kwamba wao hurudi nyuma mwaka mmoja tu, usifyate mkia. Waandikie kwamba hukubali na uwaombe wakuonyeshe sheria inayosema hivyo. Wana miezi miwili ya kukujibu. Jibu lisipokuridhisha, una miezi miwili ya kukata rufaa Valuation Tribunal, chombo huru kisichotoza ada wala kukulazimu uwe na wakili.

Ukishapata punguzo, siku mtu mzima mwingine akihamia kwako, waarifu ndani ya siku 21. Ukinyamaza, wanaweza kukutoza faini ya pauni 70 juu ya kodi utakayodaiwa. Mpigie rafiki yako leo uombe hiyo bili.

Shangazi