MDALASINI: NI DAWA AU NI KIUNGO TU?

Tukitembelea vikundi huku Migori na Homa Bay, swali moja linatufuata: ati mdalasini unaponya ugonjwa wa sukari? Mama mmoja wa kikundi cha akiba aliacha tembe zake miezi miwili, akawa anakunywa maji ya mdalasini asubuhi na jioni. Alipopimwa, sukari ilikuwa juu sana na mguu umeshaanza kidonda.

Ukweli ni huu. Utafiti mwingine umeona mdalasini ukishusha sukari kidogo, mwingine haukuona kitu. Hakuna uliosema unaponya. Na ukiuchanganya kwa wingi na tembe, sukari yaweza kushuka mno, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akaanguka. Basi usiache dawa, na umwambie daktari kila unachokunywa. Usimwogope, hatakucheka.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba mdalasini si wa aina moja. Ule wa asili ya Sri Lanka, ambao miti yake hupandwa pia Zanzibar, vijiti vyake ni vya maganda membamba mengi yaliyokunjwa pamoja, na huvunjika kwa vidole. Mwingine huitwa kasia. Ganda lake ni nene, gumu, limejikunja peke yake. Kasia ina kemikali iitwayo kumarini, na ikizidi huumiza ini. Wataalamu wa Ujerumani wameshauri mtu mzima wa kilo 60 anayetumia kasia kila siku asipite gramu 2, yaani hata kijiko cha chai hakijai. Ukishasagwa, huwezi kujua ni upi. Wanaokunywa dawa za TB wawe waangalifu zaidi, kwa sababu dawa hizo zenyewe huweza kulisumbua ini. Wanywaji wa chang'aa pia, mnajijua.

Katika chai au uji hauna neno, hata kwa mama mjamzito. Lakini asichemshe mzito kama dawa. Mafuta yake huchoma ngozi, msiyanywe. Na mtoto akiwa na homa, mdalasini hautibu malaria. Apelekwe dispensari apimwe siku hiyo hiyo.

Kazi ya mkutano ujao: kila mmoja alete mdalasini wa nyumbani kwake. Uvunjeni, mtazame ganda. Halafu ulizaneni, bila kutajana majina: ni nani kati yetu ameacha tembe, na alishauriwa na nani?