Hewa na Maji Katika Chombo Kilichofungwa

Washa mshumaa mfupi, uusimamishe juu ya sahani, kisha uufunike kwa bilauri. Kwa kitambo kidogo utawaka vema kama ulivyowaka kwanza. Halafu mwanga wake utafifia, na mwisho utazimika, ingawa nta ingali tele na utambi haujaisha. Si upepo uliouzima, wala si maji. Umezimika kwa sababu hewa iliyomo ndani ya bilauri imeharibika, wala hapana njia ya kuingia hewa nyingine.

Mtu naye ni kama mshumaa ule. Katika hewa tuivutayo mna kitu kiitwacho oksijeni, nacho ni sehemu 21 hivi katika kila sehemu 100. Mwili huitwaa oksijeni hiyo, nasi twatoa hewa nyingine iitwayo hewa ya ukaa. Mtu akifungiwa katika chumba kisichopitisha hewa hata kidogo, oksijeni hupungua na hewa ya ukaa huzidi, mpaka kichwa kimuume, azimie, na mwisho afe. Na hata akiwa na hewa ya kutosha, kiu itamshika maji yakiisha.

Basi twaishije sisi tulio wengi duniani, tukivuta hewa ile ile na kunywa maji yale yale waliyoyanywa babu zetu? Na je, mtu aweza kujenga nyumba iliyofungwa pande zote, akaishi ndani yake? Somo hili ni habari za watu walioyatafuta majibu ya maswali hayo mawili.

Tawi la nanaa

Mwaka 1771 alikuwako mchungaji mmoja Mwingereza, jina lake Joseph Priestley, akikaa katika mji wa Leeds. Kazi yake ilikuwa kuhubiri na kufundisha, lakini saa za nafasi alipenda sana kuchunguza habari za hewa. Aliona kwamba mshumaa huzimika ndani ya chombo kilichofungwa, na panya akiwekwa humo hufa. Akajiuliza: Mioto ni mingi duniani, na viumbe vyenye kupumua ni vingi mno, mbona hewa yote haijaharibika tangu zamani?

Tarehe 17 Agosti mwaka ule akatia tawi la nanaa katika hewa ambayo mshumaa ulikuwa umezimika ndani yake. Mtu angedhani kwamba nanaa itakufa kama panya. La, haikufa. Hata tarehe 27 Agosti, siku ya kumi, Priestley akatia tena mshumaa katika hewa ile ile, nao ukawaka vizuri sana. Baadaye akajaribu kwa panya, akaona kwamba hewa iliyotengenezwa na mmea humfaa panya kuishi.

Miaka 8 baadaye, yaani mwaka 1779, daktari Mholanzi aitwaye Jan Ingenhousz alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani za mmea tu, nazo huifanya penye mwanga wa jua. Gizani mmea nao huharibu hewa kidogo, kama tufanyavyo sisi. Leo twajua kwamba majani huivuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua huitumia kujenga chakula chao, yakitoa oksijeni. Basi kile tukitupacho sisi ndicho chakula cha mmea, na kile mmea uutupacho ndicho pumzi yetu.

Chupa ya daktari

Habari ya hewa tumeiona. Sasa na tutazame maji. Katika mji wa London alikuwako daktari aitwaye Nathaniel Ward, mpenda mimea. Alijaribu kupanda makangaga katika bustani yake, lakini yakafa, maana moshi wa viwanda ulikuwa mwingi katika mtaa ule. Mwaka 1829 alitia kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaufunika mdomo wa chupa, apate kumtazama mdudu akitoka.

Kila siku aliona jambo lile lile. Jua lilipopata nguvu, unyevu ulipanda kutoka udongoni kama mvuke, ukashika kwenye kioo; kisha ukawa matone, nayo yakateremka tena udongoni. Hivyo udongo haukukauka. Kabla nondo hajatoka, kangaga dogo na unyasi mmoja vikachipua. Daktari akastaajabu. Kangaga lililomshinda kuliotesha bustanini, sasa laota lenyewe chupani bila kumwagiwa maji! Mimea ile iliishi karibu miaka 4. Ilikufa wakati mwenyewe hayupo, kifuniko kilipoliwa na kutu, maji ya mvua yakaingia kupita kiasi.

Ndipo Ward akatengeneza masanduku ya vioo. Zamani hizo mimea iliyosafirishwa kwa merikebu ilikufa kwa wingi, kwa chumvi ya bahari na uhaba wa maji matamu. Mwaka 1833 akapeleka masanduku yake mpaka Sydney katika Australia, safari ya miezi mingi, na mimea ikafika hai. Maji machache yaliyomo yalipanda na kushuka, yakapanda tena na kushuka, kama vile maji ya bahari yanavyopanda kuwa mawingu, yakashuka kuwa mvua.

Watu watatu angani

Lakini mimea hufanya kazi yake polepole, nayo yataka nafasi na jua. Kwa hiyo wasafiri wa angani walitengenezewa vyombo vya kufanya kazi hiyo upesi. Kimoja ni kopo lenye dawa iitwayo lithiamu haidroksaidi. Hewa hupitishwa ndani ya kopo, na dawa huikamata hewa ya ukaa. Dawa ikishiba, kopo hubadilishwa.

Mwezi wa Aprili 1970 Wamarekani watatu, Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, walikuwa wakienda mwezini katika safari iitwayo Apollo 13. Tarehe 13 tangi la oksijeni likapasuka, na chombo kikuu kikaanza kupoteza hewa na umeme wake. Wakakimbilia chombo kidogo kilichofungamana nacho, ambacho kilikusudiwa kuwaweka watu wawili kwa siku mbili hivi. Sasa watu watatu hawana budi kukaa humo karibu siku nne.

Oksijeni ilikuwamo ya kutosha. Hatari ilikuwa pumzi yao wenyewe. Makopo ya dawa hayakutosha, na hewa ya ukaa ilizidi kuongezeka. Makopo mengine yalikuwapo katika chombo kikuu, lakini hayo yalikuwa ya mraba, na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya mviringo. Wenzao waliokuwa duniani wakakusanya vitu vile tu walivyokuwa navyo wasafiri: mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu, mipira ya kupitishia hewa, na utepe wenye gundi. Wakaviunganisha na kuvijaribu, kisha wakawaeleza wasafiri kwa redio namna ya kufanya, hatua kwa hatua. Hewa ya ukaa ikashuka. Maji nayo yalipimwa kwa uchache, kila mtu chini ya robo lita kwa siku. Tarehe 17 Aprili wakateremka baharini salama.

Hata hivyo, angalieni jambo hili: kopo huiondoa hewa mbaya, lakini halirudishi hewa njema, nalo likishiba halifai tena. Ni msaada wa siku chache, si wa miaka.

Maji yarudiayo

Tangu Novemba 2000 watu wamekaa bila kukatika katika kituo cha kimataifa kinachoizunguka dunia, kilomita 400 hivi juu yetu. Kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja, na kuipandisha huko kwa roketi ni gharama kubwa. Kwa sababu hiyo mwaka 2008 ulipelekwa mtambo wa kuyarudisha maji yaliyokwisha kutumika. Unyevu wa pumzi na jasho hupozwa mpaka uwe maji. Na mkojo hutiwa katika mtambo mpaka maji yake yatoke kwa mvuke, kama mvuke wa sufuria ushikavyo kwenye kifuniko. Kisha maji huchujwa, hutiwa dawa, na kupimwa, ndipo hunywewa. Mwaka 2023 waliweza kurudisha sehemu 98 katika kila sehemu 100. Mtambo mwingine hutumia umeme utokanao na jua kuyatenga maji, wapate oksijeni ya kuvuta.

Msomaji, usikunje uso. Maji unywayo leo nayo yalipita katika miili na matope mara nyingi kabla yako, kisha jua likayainua na kuyasafisha.

Nyumba ya vioo

Baada ya hayo lafuata swali kubwa zaidi. Je, mtu aweza kuunda dunia ndogo kamili, yenye mimea na wanyama na watu, isiyopokea kitu kutoka nje ila mwanga wa jua na umeme wa kuendesha mitambo?

Karibu na mji mdogo wa Oracle, katika Arizona, Marekani, ilijengwa nyumba ya vioo na vyuma, ukubwa wake zaidi ya eka 3. Iliitwa Biosphere 2, kwa maana ya kwanza ni dunia yenyewe. Ndani yake mlikuwa na msitu wa mvua, mbuga, jangwa, mikoko, bahari ndogo yenye matumbawe, na mashamba. Mbuzi na kuku walikuwamo, na hata komba. Kwa kuwa hewa hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, wajenzi walichelea vioo visivunjike. Wakajenga vyumba viwili vikubwa walivyoviita mapafu, ambamo mpira mpana ulipanda na kushuka pamoja na hewa. Maji ya kunywa yalipatikana kwa kuupoza unyevu wa hewa. Na maji machafu yalipitishwa katika mabwawa ya mimea ya majini, yakasafika, yakanywesha mashamba.

Tarehe 26 Septemba 1991 watu 8, wanaume 4 na wanawake 4, waliingia, na mlango ukafungwa. Walilima, wakavuna, wakala walichokivuna. Lakini miezi ilivyozidi kupita, wakashikwa na uchovu. Kupanda ngazi kuliwatwetesha, na usingizi wao ulikatika. Oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka karibu sehemu 21 hata chini ya sehemu 15 katika 100, mfano wa hewa ya mlima wenye urefu wa mita 4,000 hivi. Aliyewahi kupanda juu sana katika Kilimanjaro aijua pumzi hiyo. Mwezi wa Januari 1993 ikawa hapana budi kuingiza oksijeni kutoka nje. Watu wakapata nguvu tena, wakatimiza miaka yao 2, wakatoka tarehe 26 Septemba 1993.

Oksijeni ilikwenda wapi? Udongo wa mashamba ulikuwa na mboji nyingi, na vijidudu visivyohesabika vilikuwa vikiila. Vijidudu hivyo navyo hupumua. Vikatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Lakini palikuwa na fumbo: hewa ya ukaa iliyoonekana haikuwa nyingi kama ilivyopasa. Wenye elimu walipochunguza, waliona kwamba kuta za saruji zilikuwa zikiinywa. Saruji ina chokaa ndani yake, na chokaa huishika hewa ya ukaa na kugeuka mfano wa jiwe. Hivyo oksijeni ikafungwa ukutani, na majani hayakuweza kuirudisha. Wajenzi walikuwa wamewahesabu watu, wanyama na miti. Kumbe udongo na ukuta navyo vilikuwa vikivuta hewa pamoja nao.

Chombo chetu

Tumeona sasa jambo moja katika mambo haya yote, tangu tawi la nanaa hata nyumba ya vioo. Katika chombo kilichofungwa hakuna kitu kinachotupwa mbali, kwa kuwa hakuna mbali. Kila kitokacho sharti kipate wa kukipokea na kukirudisha. Na akikosekana mmoja katika duara hilo, hata akiwa mdogo asiyeonekana, wote hutaabika.

Dunia aliyotupa Muumba nayo ni chombo cha namna hiyo. Maji yake huzunguka kama katika chupa ya Ward, na majani yake hutengeneza hewa kama tawi la Priestley. Ni kubwa mno, kwa hiyo makosa yetu hayaonekani upesi. Walakini kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, watu wameongeza hewa ya ukaa duniani, na joto limezidi. Wale wanane wa Arizona walipotweta, palikuwa na watu nje wa kuwaletea oksijeni. Sisi hatuna mtu nje ya mlango. Basi mwenye kupanda mti, mwenye kuhifadhi chemchemi, na mwenye kuutia uchafu mahali utakapogeuka mboji, huyo anafanya kazi katika nyumba yake mwenyewe.

Jaribio. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Tia kokoto chini, kisha udongo wenye unyevu, upande kangaga dogo, na kuifunga. Iweke penye mwanga, lakini si katika jua kali. Tazama kioo asubuhi na mchana, uandike uyaonayo. Usimfungie mnyama ndani ya chupa, wala usijifungie wewe mwenyewe katika sanduku.

Maswali

1. Kwa nini mshumaa uliofunikwa huzimika kabla ya nta kwisha?
2. Priestley aligundua nini, na Ingenhousz akaongeza nini?
3. Maji yalizungukaje katika chupa ya Ward?
4. Hatari ya wasafiri wa Apollo 13 ilikuwa nini, nao waliokokaje?
5. Eleza ilipokwenda oksijeni ya nyumba ya vioo.
6. Taja kitu kimoja kinachotupwa nyumbani kwenu au shuleni, ueleze namna ambavyo kingeweza kurudi kufaa.