SOMO: MZIMA NI NANI?



Kila asubuhi twaulizana, "U mzima?" nasi twajibu, "Mzima," bila ya kuizingatia maana yake. Wengi wetu twadhani mzima ni yule asiyelala kitandani.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yasema kuwa afya ni utimilifu wa mwili, wa akili, na wa maisha ya mtu pamoja na wenziwe. Si kukosa maradhi tu.

Natutazame kule ziwani, Homa Bay na Migori, ambako UKIMWI umeenea kuliko sehemu nyingi za Kenya. Yuko mvuvi mwenye nguvu, hana homa wala kikohozi, na kumbe virusi vimo damuni mwake. Hajui, kwani hajapimwa. Yuko na mwanamke anywaye dawa kila siku hata virusi havionekani tena kwa kipimo. Huyu hamwambukizi mumewe kwa tendo la ndoa. Je, ni yupi aliye karibu zaidi na uzima?

Tena yuko mchuuzi wa kike ashurutishwaye kuutoa mwili wake ndipo auziwe samaki, desturi iitwayo huko jaboya. Huyo, hata akipimwa asionekane na ugonjwa, tutasemaje kuwa ni mzima?

Basi ndugu, natupimwe, na mgonjwa adumu na dawa yake. Wala tusimtenge jirani yetu aliye mgonjwa: kumtenga ni kumzidishia maradhi ya pili, na dawa ya maradhi hayo i mikononi mwetu.